Jibini Ingengoja

Amri ya kwanza niliyopewa na Sinyora niliielewa vibaya. Alisimama mlangoni mwa jiko, akanyoosha kidole kwenye kipande cha jibini kilichokuwa mezani, akasema, "Kuna jibini." Nikatazama. Kweli ilikuwepo. Nikamjibu, "Ndiyo, Sinyora, kuna," nikaendelea kumenya viazi. Akarudia kwa sauti ya juu kidogo, nami nikakubali tena kwa heshima zaidi. Mwishowe alininyang'anya kisu, akanishikisha kile kipande pamoja na kisanduku cha mbao chenye bati la meno juu na droo chini, akanionyesha kwa mikono. Kumbe alikuwa amejifunza Kiswahili Mombasa, kwenye nazi, ambako kukuna ni kazi ya jikoni ya kila siku. Mimi changu nilijifunza shuleni, kwetu Manga, mlimani, ambako nazi tuliijua kwa picha tu, na mtu akikuna basi anakuna upele.

Mumewe alikuwa msimamizi wa Waitaliano waliokuja kutengeneza barabara mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kampi yao ilikuwa karibu na Kebirigo. Sinyora alikuwa mwanamke pekee wa Kizungu pale, mwembamba, mwenye mdomo mkali na moyo usioweka kinyongo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sina pa kuendelea, na nina ulimi ambao mama alisema siku moja utanichoma mwenyewe. Tulipatana, mimi na Sinyora, kwa sababu kila mmoja alikuwa amepata mtu wa kubishana naye.

Jibini ililetwa kutoka kwao kwa meli, kisha kwa lori hadi Kebirigo, kila baada ya miezi kadhaa: gurudumu kubwa la maziwa ya ng'ombe, zito kumshinda mtu mmoja, na mengine madogo ya maziwa ya kondoo, aliyoyaita pekorino, yenye chumvi ya kukufanya utafute maji. Wanaume wote wa kampi walikuwa na haki ya kipande, lakini gurudumu lilifunguliwa nyumbani kwa Sinyora, na yeye ndiye aliyeamua kipi kiliwe kwanza na kipi kilazwe. Alinifundisha kuchagua. Unagonga ganda kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, umetega sikio. Likijibu kwa sauti moja pande zote, ni zima. Likilia kama kuna shimo, ndani kuna ufa, na hilo haliwezi kukaa sana, liliwe mapema. Kisha unatazama moyo wake. Uwe na rangi ya majani makavu, umeguke kwa chembechembe badala ya kukatika, na uwe na vidoa vyeupe vinavyolia chini ya meno. Jibini ikitoka jasho, ujue kuna mtu aliyeiacha kwenye joto. Kugonga nilikushika haraka kuliko alivyotarajia, maana mama alikuwa amenifundisha kugonga vibuyu tangu utotoni, kujua kilichokauka vizuri na kile kitakachooza na maziwa ndani.

Kuhifadhi ndiko kulikotuhangaisha. Kebirigo mvua hainyeshi kwa kubisha hodi, na ukungu huota hata kwenye viatu. Friji ya mafuta ya taa iliikausha jibini na kuipa harufu ya taa. Karatasi ya nailoni iliifanya itoe jasho, na baada ya siku mbili ikawa na manyoya ya kijani. Mwishowe tulipata njia yetu: kwanza karatasi, juu yake kitambaa cha pamba kilichochovywa kwenye maji ya chumvi na kukamuliwa mpaka kikaribie kukauka, kisha ndani ya bakuli kubwa la jiwe la sabuni. Bakuli hilo mimi ndiye niliyemwambia aagize Tabaka, kwa wachonga mawe, kwa sababu jiwe lile hubaki baridi hata jua la mchana likiwaka. Lilikaa kwenye rafu ya stoo, na miguu ya rafu ilisimama ndani ya makopo ya maji ili siafu wasipande. Kila siku nilifunua, nikageuza, nikapangusa. Ukungu ukionekana juu ya ganda, hutupi kitu. Unaukwangua kwa mgongo wa kisu, unapaka mafuta kidogo, unafunga tena. Na hukuni jibini kabla watu hawajakaa mezani. Iliyokunwa asubuhi, alisema Sinyora, mchana imeshakufa.

"Lakini nzima inangoja," aliongeza.

Alinieleza kuwa jibini laini ina haraka, ukichelewa kidogo imekuharibikia, lakini hii ngumu imezaliwa kwa kungoja. Ilikuwa imengoja miaka miwili kwenye ghala la kwao kabla hata ya kupanda meli. Wiki moja zaidi, mwezi mmoja zaidi, kwake haikuwa kitu. Nilisikia maneno hayo mara nyingi hadi nikawa ninamtangulia kuyasema, naye ananitupia kitambaa cha vyombo.

Hapa lazima nieleze jambo la lugha, maana msomaji wa mbali asipoelezwa atapotea, na mimi niliye wa pale pale nilipotea. Katika Ekegusii, lugha yetu Wakisii, mama anaitwa baba. Sitanii. Mtoto wa Kisii akianguka hulia "Baba!" na anayetoka mbio jikoni akiwa na mwiko mkononi ni mama yake. Baba mzazi tunamwita tata. Tukifika shule mwalimu anatunyoosha: baba ni wa kiume, mama ni wa kike. Tunashika, na jioni tukirudi nyumbani tunaendelea kama kawaida. Basi kichwani mwa kila mmoja wetu kuna baba wawili, na kwa siku nyingi hawagongani. Katika maandishi haya nitasema mama na tata, pasije pakatokea kosa tena.

Waligongana siku mama aliponitembelea kampini mara ya kwanza. Nilimwona getini na kikapu chake cha ndizi, nikatupa ufagio, nikakimbia nikiita, "Baba! Baba!" Sinyora akasikia, akatoka akijifuta mikono ili amsalimie mzee wangu. Alimpita mama, akasimama akitazama barabarani. Akaniuliza baba yuko wapi. Nikamwambia si huyu hapa. Akamkagua mama kutoka kitambaa cha kichwa hadi miguuni, akanikagua mimi. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Alisema kwao mtoto humwita babake "babbo", na kwamba Mungu alipogawa maneno lazima alifika Kisii amechoka. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, lakini alicheka pia, kwa sababu kicheko kilikuwepo na hakutaka kipotee bure.

Siku hiyo Sinyora alimwonjesha jibini iliyokunwa. Mama aliila kwa adabu, kama mtu anayekunywa dawa. Ndipo mimi nikachukua ganda, lile gumu ambalo Sinyora hulitia kwenye supu ya maharagwe, nikaliweka juu ya makaa mpaka likavimba na kulainika, nikampa. Mama hakuwa na magego tena. Aliliweka shavuni, akalinyonya, kisha akaniambia kwa lugha yetu kwamba waliotengeneza kitu hiki ni watu wenye subira. Tangu hapo kila nilipoenda nyumbani nilimpelekea maganda. Aliyaficha ndani ya chungu cha wimbi, chini kabisa, na alipokuwa peke yake alichoma kipande, akakitia shavuni na kuendelea na kazi zake.

Aliyemficha alikuwa tata. Tata alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa neno moja, na kwa miaka mingi alikuwa na ugonjwa wa kifua. Alikohoa tangu nilipokuwa mdogo, alilala ameketi, na kila msimu wa mvua watu walisema huu hataumaliza. Hakupenda kazi yangu. Kampini kulikuwa na divai na nyama ya nguruwe, na Jumamosi ilikuwa siku kama nyingine. Kisha mimi, kwa kujidai, nilieleza nyumbani jinsi maziwa ya jibini yanavyogandishwa kwa kitu kinachotolewa kwenye tumbo la ndama. Tata aliweka kijiko chini. Alisema kitu cha aina hiyo hakitaingia kwake, na kwamba nikirudi tena nirudi bila harufu ile mwilini.

Mimi nilikuwa nimechoka kuambiwa ninanuka. Nikamwambia, "Basi nitarudi siku ya kukuzika."

Kwetu neno kama hilo mtoto hamwambii mzazi, hata awe amelewa. Mama alishika mdomo. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka kama kumi na mmoja, alinitazama kana kwamba nimevunja kitu cha watu. Tata alikohoa, akachukua kijiko chake, akala chakula kilichobaki hadi kikaisha. Mimi nikabeba mfuko wangu nikaondoka, na kwa miezi saba sikukanyaga Manga. Mama ndiye aliyekuja kwangu siku za soko la Kebirigo. Alinibembeleza nirudi nikaombe msamaha. Nilimpa maganda, nikamwambia yeye ndiye mzazi wangu, huyo mwingine ameshanikataa. Hasira hasara, lakini ukiwa ndani yake huioni hasara, unaona haki yako tu.

Barua ilifika siku ya Alhamisi. Ilikuwa imepitia mikono kadhaa, na wa mwisho, mwanamke aliyekuwa akielekea sokoni, aliiacha kwa askari wa geti na kwenda zake. Ilikuwa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nyingi na kufungwa kwa uzi. Nilitambua mwandiko wa mdogo wangu, herufi kubwa zilizosimama wima kama watoto kwenye mstari wa shule. Aliandika kwa Kiswahili, kwa sababu barua tulifundishwa hivyo, na sidhani yeyote kati yetu alijua kwamba barua inaweza kuandikwa kwa lugha ya nyumbani. Ilisema: "Dada yangu mpendwa, salamu sana. Baba ni mgonjwa sana. Anakuuliza kila siku. Njoo upesi."

Nitasema ukweli, maana kuuficha hakujanisaidia. Nilipoisoma nilihisi kitu kama furaha. Nilisema moyoni, kumbe ananiuliza. Leo ananiuliza. Na aulize.

Nilimweleza Sinyora kwamba baba yangu anaumwa. Aliniambia niende mara moja. Alisema kesho yake asubuhi gari la kampi lingenifikisha Nyamira na kwamba yeye angeweza kujipikia, hakuzaliwa na mimi jikoni. Nikakataa. Nilimwambia mzee huyu amekuwa akifa kwa miaka kumi, amezoea, na siku mbili hazitamshinda. Gurudumu jipya lilikuwa limefika siku moja kabla, na lilipangiwa kufunguliwa Jumamosi, watu wa barabara wakija kula. Nilitaka kuwepo. Na zaidi ya hayo nilitaka ganda. Ganda la gurudumu jipya ni nene, halijakauka kupita kiasi, na mama alikuwa hajawahi kulionja. Nilikuwa nimeshamfanya mjane akilini mwangu. Nilimwona ameketi katikati ya wanawake waliokuja kuomboleza, watu wakila na kuongea, naye ana kitu chake shavuni cha kumliwaza. Nilitaka nifike mikono yangu ikiwa na hicho.

Ijumaa nikasafisha stoo. Nilibadilisha maji kwenye makopo, nikafua vitambaa, nikavianika, nikaliosha bakuli la jiwe. Jumamosi mchana tukafungua. Sinyora alichora mstari kuzunguka ganda kwa ncha ya kisu, kisha akapigilia visu vifupi vyenye umbo la jani, kimoja huku, kingine kule, akivisukuma taratibu, mpaka gurudumu likapasuka lenyewe kwa sauti ya ukuni mkavu. Harufu yake ilijaa nyumba nzima. Nilipewa kuchagua. Niligonga, nikanusa, nikachagua kipande cha kuliwa siku hiyo, na watu walipokaa mezani nilisimama na kikunio nikikuna juu ya sahani zao, moja baada ya nyingine, wakinisifu kwa lugha yao. Siku hiyo niliipenda kazi yangu kuliko siku nyingine yoyote. Jioni niliosha meno ya kikunio kwa brashi, nikafunga vipande vilivyobaki, na lile ganda nililoomba nikaliviringisha kwenye kitambaa chenye unyevu, tayari kwa safari.

Jumapili kabla ya jua kuchomoza nilidandia lori la kampi hadi Nyamira, kisha nikaenda kwa miguu. Njiani nilipanga uso wangu. Niliona nisilie sana, watu wangesema ni unafiki, wala nisikauke kabisa. Nilipokaribia Manga watu niliokutana nao walinishika mkono kwa mikono miwili, wakasema pole, nikajua tayari. Nikaitikia pole zao. Nilipopanda kile kilima cha mwisho, ambapo unaona nyumba yetu kabla nyumba haijakuona, niliona wanaume wanachimba kaburi.

Kwetu, ukitoka mlangoni mwa nyumba, mwanamume huzikwa upande wa kulia na mwanamke upande wa kushoto. Hata mtoto anajua. Wale wanaume walikuwa wanachimba kushoto. Nilikasirika. Nilifikiri, ni wapumbavu gani hawa, wanamlaza mzee wa kanisa upande wa wanawake, na hakuna mtu mzima wa kuwaambia? Nikaongeza mwendo ili niwahi kuwasimamisha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Ndipo nikamwona tata. Alikuwa ameketi kwenye kiti chini ya paa, blanketi mabegani, anakohoa.

Nilisimama pale pale njiani. Mdogo wangu aliniona, akaja mbio, akanikumbatia kiunoni akilia, "Baba, baba," na mara hiyo nililisikia lile neno kwa masikio ya nyumbani. Baba alikuwa amekufa jana yake, jua likizama, Sabato ikiisha. Ilikuwa homa ya siku tano iliyompanda kichwani. Kila mbwa alipobweka aliuliza kama ni mimi. Mwanzoni aliuliza kwa jina langu, mwisho aliuliza kwa kutazama mlango tu. Nimehesabu saa ile mara nyingi. Nilikuwa ninaosha kikunio.

Mazishi sitayaeleza. Nilikuwepo, basi. Walipomaliza kusawazisha udongo, tata aliniita nyuma ya nyumba, mahali mama alipokuwa akianika wimbi, akaniuliza barua ilinifikia lini. Niliitoa mfukoni nikampa. Kiswahili chake kilikuwa cha Biblia, alikisoma polepole huku midomo ikitembea. Aliisoma hadi mwisho, akarudi juu, na kidole chake kikasimama mahali pamoja. Alimtazama mdogo wangu, aliyekuwa upande wa pili wa ua akiosha vikombe vya wageni, kisha akaitazama tena karatasi.

"Ulidhani ni mimi," alisema.

"Ndiyo, tata."

"Ukangoja."

"Ndiyo."

Nilingoja anilaani. Haki alikuwa nayo, na mahali palikuwa pale pale, udongo wa kaburi bado mbichi. Alikohoa kwa muda mrefu mpaka nikataka kumshika mgongo, nikaogopa. Alipopata pumzi alikunja barua kwa mikunjo ile ile aliyoikuta, akanirudishia. Alisema mtoto asijue kamwe. Barua ilichelewa njiani, ilinifikia jana jioni, na mtu yeyote akiuliza jibu ni hilo. Huyu ndiye mtu aliyewahi kunichapa kwa sababu nilisema nimefagia mahali ambapo sikufagia. Alinyanyuka, akaenda mbele ya waombolezaji, akawatangazia yeye mwenyewe kwamba barua ya binti yake ilichelewa. Hakuna aliyemtilia shaka, kwa kuwa alikuwa yeye.

Aliporudi nilikuwa bado nimesimama nimeshika lile bunda langu la kitambaa. Akauliza ni nini. Nikasema, kwa lugha yetu, "Ni ya baba." Alitikisa kichwa. Aliniambia maganda yale aliyajua tangu la kwanza. Wimbi la chungu kile lilinuka, naye alikuwa amekula ugali wenye harufu hiyo kwa zaidi ya mwaka na kunyamaza, kwa sababu mama alifurahi akidhani amemficha. Aliniambia nikaliweke pale pale anapoyaweka. Nikaingia ndani, nikachimba wimbi kwa mkono hadi chini, nikalizika ganda humo.

Nilitoka nikapiga magoti mbele yake. Nilisema, "Tata, nisamehe."

Alinitazama bila hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Hata kama ingekuwa ni mimi," alisema, "ningependa uje."

Jibini ingengoja. Hilo ndilo ninalorudia hadi leo nikiwa peke yangu shambani, nikichuma chai, mpaka majirani wakadhani ninaimba. Sinyora alikuwa ameniambia mara mia. Katika nyumba ile yote kitu pekee kilichojua kungoja kilikuwa lile gurudumu ndani ya stoo, nami nikakikimbilia, nikamwacha anayeisha. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Yangu yaliuma miaka mingi.

Nilirudi kampini mwezi mmoja tu, nikamfundisha msichana mwingine kugonga, kufunga na kukuna. Sinyora hakuniuliza kwa nini nilikonda. Nilipomweleza lile kosa la neno hakucheka. Alifunika uso kwa aproni, akakaa kwenye ngazi zile zile. Siku ya kuagana alinipa kikunio chake, kile cha mbao chenye droo, nami nikaiweka barua ndani ya droo. Nilirudi Manga kumtunza tata. Aliishi miaka minne zaidi na kifua chake, na tuliishi vizuri, yeye na mimi, tukizungumza mambo ya ng'ombe na ya mvua. Barua hatukuitaja tena. Alipokufa kichwa chake kilikuwa mkononi mwangu, na alizikwa upande wa kulia.

Mwishoni mwa miaka ya sabini mdogo wangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili kwenye shule ya msingi upande wa Nyamache. Likizo alikuja kwangu na furushi la madaftari ya insha, akaketi mezani na kalamu nyekundu, kikunio kikiwa kwenye rafu juu ya kichwa chake. Alikuwa akisahihisha na kunisomea yaliyomchekesha. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alikuwa ameandika, "Baba yangu ni mnene. Baba yangu ananyonyesha." Mdogo wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka naye, nikimkumbuka Sinyora kwenye ngazi.

Kisha akaacha kucheka. Kalamu ilibaki juu ya daftari.

"Dada," alisema, "ile barua. Mimi niliandikaje?"

"Barua gani?"

"Ile ya baba."

Nilikuwa nikichambua maharagwe. Niliendelea kuyachambua. "Uliandika mama," nikamwambia. "Mama ni mgonjwa sana. Mwandiko wako ulikuwa mzuri, nilishangaa. Ilichelewa njiani tu."

Alinitazama kidogo. Halafu akapiga mstari mwekundu chini ya neno la yule mtoto, akaandika "mama" juu yake, akachukua daftari lililofuata.